Mwongozo kamili wa kupiga picha vichwa vya treni vya zamani: tuanze na zile Garratt za Nairobi

Wakuu, wapenda reli wenzangu, karibuni. Picha nyingi za vichwa vya treni vya zamani zina ugonjwa mmoja: mtu kasimama mbele kabisa ya mashine, kainua simu usawa wa macho, kabonyeza, kaenda zake. Ukiitazama hiyo picha unaona bonge la chuma lenye pua kubwa basi, hujui maji yalikaa wapi, moto ulikuwa wapi, dereva alikuwa anachungulia dirisha gani. Kamera haina kosa hapo, mpigaji ndo hajaijua mashine. Kwa hiyo mwongozo huu nitauanzia kwenye mashine, halafu jua, halafu kamera.

Mfano wangu mkubwa utakuwa Makumbusho ya Reli Nairobi, pale karibu na stesheni ya zamani, chini ya Haile Selassie Avenue. Yalifunguliwa 1971 enzi za shirika la reli la Afrika Mashariki, na kwa sisi wa huku ndo sehemu rahisi kuliko zote ya kusimama mita mbili kutoka kwenye kichwa cha mvuke cha ukweli bila kufukuzwa. Ila haya nitakayosema yanafaa popote, hata kama una kichwa kimoja kilichotelekezwa nyuma ya karakana mkoani kwenu.

Hatua ya 1: Ijue mashine kabla hujaiendea

Anza na namba. Mfumo wa shirika la Afrika Mashariki ulikuwa rahisi, tarakimu mbili za kwanza ni klasi, mbili za mwisho ni namba ya kichwa ndani ya klasi. Kwa hiyo 5918 ni klasi ya 59, kichwa cha 18. Na 3020 ni klasi ya 30, cha 20. Ukishajua hivyo unaweza kutembea uwanja mzima unajua nani ni ndugu na nani.

Klasi ya 59, ndo hizo Garratt zenyewe, vichwa vya mvuke vya vipande vitatu, ndo wafalme wa uwanja ule. Zilitengenezwa na Beyer, Peacock kule Manchester katikati ya miaka ya 1950, jumla zilikuwa 34, zote zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kila moja ina uzito wa tani kama 250 na urefu unaozidi mita 31, na hazikuwahi kuwa na mpinzani kwa ukubwa kwenye reli ya upana wa mita moja dunia nzima. Kazi yao ilikuwa kuvuta mizigo kutoka Mombasa kupanda hadi Nairobi. Zilizobaki ni mbili tu, zote zipo hapo makumbusho: 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Watanzania mtafurahi, Gelai ni ule mlima ulio kando ya Ziwa Natron na Shengena uko Upare, kwa hiyo majina yote mawili yaliyosalimika ni ya kwenu. Na ile 3020 iliyotengenezwa Glasgow 1955 inaitwa Nyaturu, imebeba jina la watu wa Singida manake klasi hiyo walizipa majina ya makabila.

Sasa Garratt imekaaje. Siyo kichwa kimoja kirefu, ni vipande vitatu. Mbele kuna gari la magurudumu lenye silinda zake na tanki la maji juu yake, nyuma kuna gari lingine la magurudumu lenye silinda zake na mafuta ya kuchoma, na katikati limening'inizwa boila pamoja na chumba cha dereva kama daraja kati ya hayo magari mawili. Ndo maana lidude lote lile liliweza kukata kona kali za reli ya mita moja, linajikunja kwenye viungo. Hii ina maana kubwa kwenye picha: ukipiga uso wake tu umepiga tanki la maji. Boila yenyewe iko nyuma huko, hujaigusa.

Hatua ya 2: Ruhusa, na hii usiiruke

Makumbusho unalipa kiingilio, unauliza mlangoni kuhusu kamera. Simu na kamera ndogo kwa kawaida hakuna anayekusumbua, ila ukitoa stendi ya miguu mitatu, mataa, na mtu wa kupozi na gauni la harusi, hapo wanakuona uko kibiashara na bei inakuwa nyingine. Piga simu kabla, sema unataka nini, lipa, ingia kwa amani.

Stesheni zinazofanya kazi ni habari nyingine kabisa. Huku kwetu reli inahesabika kama mali nyeti ya serikali na askari akikuona umesimama na lenzi ndefu ana haki ya kukuuliza, usimjibu kwa jeuri. Ukianza na "Shikamoo mzee" na ukamwonyesha picha ulizopiga, mara nyingi mtaishia yeye ndo anakuambia treni ya mizigo inapita saa ngapi. Nenda kwa stesheni masta kwanza, siyo baada ya kukamatwa. Droni Kenya inahitaji kibali cha mamlaka ya anga, KCAA, kwa hiyo kama huna iache nyumbani, tena hapo ni katikati ya jiji.

Hatua ya 3: Jua letu la ikweta

Hapa ndo miongozo ya wazungu inatupoteza. Wanakuambia subiri mwanga wa jioni unaodumu masaa. Kwetu jua linapanda kama limerushwa. Nairobi linachomoza saa kumi na mbili na nusu hivi, ikifika saa mbili asubuhi bado limelala, mwanga unaingia kwa ubavu, unapita chini ya ile njia ya kutembelea iliyoko pembeni ya boila na kugonga magurudumu na vyuma vyake vyote. Ikifika saa nne limeshapanda juu, ile njia inatupa kivuli kizito na magurudumu yote yanageuka shimo jeusi. Saa sita na nusu liko karibu na utosini, hapo weka kamera chini kanywe chai, au ingia ndani ya mabehewa, nitakuja huko.

Kwa hiyo fika mlango unapofunguliwa, au baki mpaka karibu wanafunga. Asubuhi mwanga unatoka mashariki na jioni magharibi, kwa hiyo siku ya kwanza zunguka na dira ya simu uandike ubavu upi wa kichwa unapata jua saa ngapi. Halafu kuna miezi. Juni jua linapita upande wa kaskazini, Desemba linapita kusini, kwa hiyo ubavu uliokuwa kivulini mwezi wa sita unaweza kuwa na mwanga mwezi wa kumi na mbili.

Na usidharau mawingu. Juni mpaka Agosti Nairobi ina lile baridi lake na anga la kijivu siku nzima, watu wanalalamika, ila kwa mashine iliyosimama huo ndo mwanga bora kuliko wote: vivuli vinalainika, magurudumu yanaonekana hata mchana, na ile rangi ya damu ya mzee ya shirika inakaa vizuri bila kumetameta. Unachopaswa kufanya ni kukata anga kwenye fremu, manake anga jeupe tupu linaua picha. Binafsi nikipewa kuchagua kati ya Januari yenye jua kali na Julai yenye mawingu, nachukua Julai bila kufikiri.

Hatua ya 4: Simama wapi

Tufanye hesabu kidogo. Garratt ina mita 31 na ushee. Ukitaka ubavu wote uingie kwenye fremu ya kulala kwa lenzi ya milimita 50 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye sensa kubwa), inabidi urudi nyuma kama mita 44. Kwa lenzi kuu ya simu, ambayo ni kama milimita 26, urudi mita 23. Hizo nafasi uwanjani hazipo, mashine zimepangwa karibu karibu, utagonga mgongo kwenye kichwa kingine. Ndo maana watu wanakimbilia lenzi pana ya 0.5, na ndo maana pua inavimba na mkia unakuwa kama wa panya.

Suluhisho ni picha ya pembeni-mbele. Simama kwenye kona, uone uso na ubavu kwa pamoja, ubavu uchukue theluthi mbili hivi za fremu. Rudi nyuma kadiri unavyoweza halafu tumia 2x ya simu, au milimita 50 mpaka 85 kwenye kamera. Ukirudi nyuma na kuzumu, uwiano wa mashine unakuwa wa kweli. Ukisogea na kupanua, unaudanganya.

Kimo cha kamera nacho. Usawa wa macho ni wa kivivu. Chuchumaa kamera iwe usawa wa kati ya gurudumu, kwenye 59 magurudumu ya kuvutia yana kipenyo cha mita 1.37 kwa hiyo kati yake ni kama sentimita 70 kutoka kwenye reli. Hapo mashine inasimama na uzito wake. Usilale chini kabisa lakini, ukilala inageuka katuni.

Angalia nyuma ya mashine kabla hujabonyeza. Nguzo ya umeme inayoota kwenye dohani, jengo la ghorofa linalotokea juu ya chumba cha dereva, ndoo ya fundi, mtalii mwenye kofia ya pinki. Hatua mbili kushoto mara nyingi zinamaliza shida. Wengine wanapenda maghorofa ya Nairobi yaonekane nyuma, sawa, ila iwe umeamua.

Halafu kuna hivi vyuma virefu vinavyounganisha magurudumu, mafundi wengi wanaviita rodi. Wapenzi wa picha za treni duniani kote wanapenda rodi ziwe chini, kwenye sehemu ya chini kabisa ya mzunguko, kwa sababu hapo gurudumu linaonekana wazi na mashine inaonekana imetulia. Kichwa kilichosimama huwezi kukizungusha, ila unaweza kuchagua ubavu, manake rodi za kushoto na za kulia zimepishanishwa robo ya mzunguko, upande mmoja zikiwa juu upande wa pili ziko katikati. Na kwenye Garratt kuna utamu zaidi, magari yale mawili hayajafungwa pamoja kwa rodi, kila moja linazunguka kivyake, kwa hiyo unaweza kukuta za mbele ziko chini na za nyuma ziko juu, ubavu huohuo. Zunguka mashine yote kwanza uangalie, ndo uchague kona.

Hatua ya 5: Mipangilio ya kamera

Kamera, hata ya simu ya bei mbaya, haijui kuwa chuma hiki kinatakiwa kiwe cheusi. Ukijaza fremu kwa boila nyeusi itaona giza na itaongeza mwanga mpaka rangi inakuwa ya kijivu kama majivu, hapo punguza ekspoja (kiasi cha mwanga wa picha) kwa 0.7 hivi. Ukiwa na anga kubwa jeupe nyuma inafanya kinyume, inapunguza, na kichwa kinakuwa kivuli, hapo ongeza 1. Kwenye simu shikilia kidole kwenye ubavu wa mashine mpaka ifunge, halafu teleza kidole juu au chini kurekebisha mwanga.

Wenye kamera: tundu la lenzi la f/8 linatosha kwa picha ya kona, na fokasi iweke kwenye silinda ya mbele au kwenye bamba la jina, siyo kwenye tanki. ISO, yaani wepesi wa sensa kupokea mwanga, iwe 100 mpaka 400 nje. Piga RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalibana) kama inawezekana, kuna vivuli vingi vya kuinua baadaye huko chini kwenye magurudumu. Filta ya polaraiza inasaidia sana kuondoa mng'ao kwenye rangi na vioo, izungushe taratibu mpaka uone rangi ya ubavu inajaa, ila kwa lenzi pana sana anga litakuwa na doa la bluu upande mmoja.

Hatua ya 6: Sogea karibu

Baada ya picha ya mashine nzima, watu wengi wanaondoka, na utamu wenyewe uko hapa.

Bamba la jina na bamba la mtengenezaji yana herufi zilizoinuka. Ukipiga kwa flashi ya mbele unapata bati linalong'aa lisilosomeka. Chukua tochi, hata ya simu ya mwenzako, ishike pembeni kabisa ya bamba karibu ilale juu ya chuma, mwanga uteleze. Kila herufi inatupa kivuli chake, hata zile zilizofunikwa na rangi mara tano zinasomeka. Piga bamba ukiwa umesimama sawasawa mbele yake, halafu piga tena kwa mshazari kwa ajili ya uzuri.

Vichwa vya ribiti, mabomba ya shaba, grisi iliyoganda kwenye viungo vya rodi, kutu kwenye tanki: vyote vinataka mwanga wa ubavu. Na kiungo kile kati ya tanki la mbele na boila, ambapo mashine inajikunja, kipige peke yake, manake ndo siri yote ya Garratt na karibu hakuna anayekipiga.

Chumba cha dereva ni giza na nje ni mwanga mkali, kamera haiwezi vyote. Amua. Mimi napima mwanga wa zile valvu na geji, dirisha liungue, siyo mbaya. ISO 1600, egemeza kamera kwenye fremu ya mlango, pumua nje, bonyeza mara tatu. Mwanga wa saa sita mchana unaoingia mlangoni na kudunda sakafuni unafaa sana humu ndani, kwa hiyo masaa yale mabaya ya nje yatumie hapa. Panda pale tu palipo na ruhusa, shika kwa mikono miwili, angalia nyigu kabla hujaingiza kichwa, wanapenda sana hizi mashine.

Usisahau mabehewa. Lipo lile alilotolewa Charles Ryall, afisa wa polisi, Juni 1900 pale stesheni ya Kima: walikuwa watatu wanamvizia simba mla watu, usiku simba akaingia ndani ya behewa, akampitisha Ryall dirishani. Ni behewa la mbao tu la kawaida, na ukilipiga kwa nje bila maelezo hakuna atakayeelewa. Piga dirisha, na mtu wa kawaida amesimama kando yake. Ukubwa wa lile dirisha ndo habari.

Hatua ya 7: Treni inayotembea

Treni za mvuke kwenye reli zetu zilishaisha, hiyo Mount Gelai ilifufuliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikatembea kidogo, sasa hivi imesimama. Ila reli ya mita moja bado ina vichwa vya dizeli vyenye umri wao vinavuta abiria wa asubuhi Nairobi, na Dar kuna TAZARA, ile ya 1970 mpaka 1975, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi. Mazoezi fanyia hapo. Na walioko Uingereza mkitaka kuona Garratt inapumua kwa macho yenu, nendeni Wales, reli ya Welsh Highland kati ya Caernarfon na Porthmadog, wana Garratt ndogo zilizofanya kazi Afrika Kusini na baadhi zimetoka kiwanda kilekile cha Manchester. Nendeni siku ya baridi, mvuke unaonekana mnene mara kumi kuliko siku ya joto.

Shata ya 1/500 ya sekunde inatosha kwa treni inayokuja kwako kwa mshazari na spidi ya kilomita 40 kwa saa. Ikipita mbele yako ubavu kwa ubavu panda mpaka 1/1000. Ukitaka ile picha ambayo treni imetulia na nyasi zinakimbia, shuka mpaka 1/30, anza kuifuata treni na kamera kabla haijafika, bonyeza huku unaendelea kuzungusha kiuno, usisimame ukibonyeza. Picha nyingi zitaharibika, ndo kawaida ya mchezo. Wa simu, jueni kuwa sensa inasoma picha mstari kwa mstari, kwa hiyo treni ikipita kasi karibu yako mabehewa yanaonekana yamelala upande, rudi nyuma zaidi na itapungua.

Usalama nitasema kwa ufupi ila kwa ukali. Usisimame kwenye kokoto wala kati ya reli mbili, mabehewa yanazidi upana wa reli pande zote na abiria wengine wananing'inia mlangoni. Kaa nje mita tano angalau, pale ambapo dereva anakuona mapema. Vaa nguo inayoonekana, toa spika za masikioni. Na kwenye SGR ya Tanzania kuna nyaya za umeme juu, volti 25,000, hakuna kuinua fimbo ya selfi wala stendi ndefu karibu nazo, umeme huo hausubiri uguse.

Hatua ya 8: Kuhariri na kuhifadhi

Inua vivuli vya magurudumu taratibu, mpaka uone rodi, siyo mpaka chini ya mashine kung'ae kama duka la simu. Nyeusi ibaki nyeusi. Rangi nyekundu-damu inaharibika haraka sana ukiongeza saturesheni, inageuka ya soda, kwa hiyo igusie peke yake kwa kiasi. Nyoosha mistari ya wima, chumba cha dereva kikiinama picha nzima inainama. Yale mapambo ya HDR (kulazimisha vivuli na mwanga vyote vionekane) yanayofanya kila ribiti ipige kelele mimi siyapendi, wengine mtabishana na mimi, sawa.

Mwisho kabisa ni maelezo, na hapa ndo picha inapata thamani yake baada ya miaka 20. Kwenye kila faili andika klasi, namba, jina, mtengenezaji, mahali, tarehe, na ubavu uliopiga. Mfano: 5930 Mount Shengena, klasi 59, Beyer Peacock, Makumbusho ya Reli Nairobi, ubavu wa kulia, na tarehe. Andika pia hali yake siku hiyo, rangi imebanduka wapi, bamba gani limeng'olewa, manake vitu hivi vinaondoka kimyakimya na mara nyingi ushahidi pekee unakuwa picha ya mtu aliyepita. Hifadhi nakala mbili sehemu mbili tofauti, na zile picha mbovu kimtazamo lakini zinaonyesha kiungo au bamba vizuri, usizifute.